Daftari la Ngozi

Jumatatu. Mabaka saba, mkono wa kushoto.
Upepo wa magharibi, umeng'oa bati la jirani.
Nimekula mkate, kitunguu, chai kavu.
Siku ya kumi na tisa tangu damu ya mwisho.
Hivi ndivyo niandikavyo kila usiku, mwezi wa nane sasa,
kama karani wa bandari ahesabuye shehena
ya tajiri asiyemjua.

Hapa Punta Arenas, kusini mwa kusini,
hufungwa kamba barabarani
watu washike wasipeperushwe.
Nilishika. Kamba ikaniachia mstari mwekundu kiganjani,
umeinuka kama tuta la viazi,
ukakaa saa mbili, ukaondoka bila kuaga.
Nikaandika: kamba, au baridi, au mimi.

Daktari Marusic ana kioo kikubwa na subira ndogo.
Alinibandika mgongoni vitone ishirini na vinne:
nikeli, mpira, manukato, sufi ya kondoo.
Siku ya tatu akabandua.
Mgongo mtulivu, mweupe,
kama mwanafunzi mwongo mbele ya mwalimu mkuu.
Usiku uleule nikawaka, kitovu hadi kwapani.

"Huenda ni homoni," akasema, na neno lile
likatua mezani kama paka wa watu.
Huenda. Nina miaka arobaini na saba.
Hedhi yangu siku hizi ni mdaiwa:
miezi miwili haonekani, kisha hodi usiku wa manane.
Nilichora ukutani, jikoni, kwa penseli mbili,
mstari wa damu, mstari wa mabaka.
Mwezi wa tatu ikaenda bega kwa bega,
nikashangilia peke yangu, mwiko mkononi.
Mwezi wa nne ikaachana njia panda.

Kiwandani namenya kaa,
kaa mwekundu, miiba hadi miguuni;
nikivua glavu, kaa nililoshika ni la moto.
Nelson Barría, msimamizi, amenibadilishia glavu mara nne,
za mwisho ni za mkewe, za kuoshea vyombo, zina maua.
"Maritza, labda ni kaa."
Nikaomba likizo. Wiki tatu sikugusa gamba wala mguu.
Wiki ya pili mdomo ukavimba
nikitazama taarifa ya hali ya hewa.

Eduvina wa ghorofa ya chini anajua: nilikula nikiwa na hasira.
Dada yangu Yasna anajua: ni talaka.
Binti yangu anajua: ni jua,
maana Oktoba tundu la angani hutuelekea utosini
na mwalimu wake huwazuia kucheza nje.
Kila mtu ana jibu mfukoni, isipokuwa anayejikuna.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa;
mimi hiki nimekifunua, shuka, godoro, chaga,
na kunguni hamna.

Jana Marusic alisoma daftari lote, kalamu mdomoni.
Nilingoja. Nje upepo ulikuwa ukitikisa dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.
"Siku zisizo na kitu ziko wapi?" akauliza.

Sikuwa nimeziandika.
Nani huandika siku ambayo ngozi imelala?
Kurasa mia na kumi za moto,
na majivu sikuwahi kuyahesabu.

Alhamisi. Hakuna baka.
Upepo uleule, bati la jirani limekandamizwa kwa mawe.
Mkate, kitunguu, chai kavu.
Damu: nimepoteza hesabu.
Kaa mia mbili na kumi, glavu za maua.
Yasna alipiga simu, tukagombana kuhusu mama, tukacheka.
Jua kidogo saa nane; niliketi dirishani mikono wazi,
nikaitazama ikinitazama.
Sababu:
nimeacha nafasi, pana kuliko kawaida.